Spika ya Kulia

Mama Mapazia aliwahi kuimba kwenye albamu. Nyumbani kwake jambo hilo lilijulikana kama lilivyojulikana kwamba ana kisukari na kwamba hapendi paka. Aliimba akiwa msichana, kabla ya kuolewa, katika bendi ya wanaume saba na wasichana wawili. Bendi ilirekodi santuri moja tu, nyimbo nne upande huu na nne upande wa pili, kisha ikasambaratika kwa sababu ambazo kila aliyekuwamo alizieleza kivyake. Baada ya hapo akajifunza kushona. Alishona mapazia ya nyumba, ya hoteli, ya ofisi, na mara moja ya ukumbi wa mahakama, na jina la Mama Mapazia likamganda hata wajukuu wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Nakala yake ya santuri ilipotea katika kuhamahama. Gramafoni nayo iliharibika, ikakaa uvunguni, ikagawiwa mtu. Kwa hiyo kwa miaka mingi albamu ile iliishi mdomoni mwake tu. Nyimbo zote nane alizijua kwa mpangilio wake, na alisisitiza huo mpangilio kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kwake. Alipowalaza watoto, na baadaye wajukuu, aliwaimbia wimbo wa sita, ule wa polepole. Akifika ubeti wa katikati alisema, "Hapa wanaume wote wananyamaza, naimba mimi peke yangu," kisha akauimba macho kayafumba.

Aliyeipata albamu ni mkwe wake, mume wa binti yake mkubwa. Alikuwa wakala wa bima ya magari na mpenzi wa kila kifaa kilichotoka wiki iliyopita. Jumapili moja alikuja kula mchana akiwa na spika ndogo ya mviringo, isiyozidi kopo la rangi, akaiweka juu ya kabati la vyombo.

"Mama, leo una zawadi," alisema. "Albamu yenu iko mtandaoni. Kuna mtu kaipakia, nzima nzima."

Mama Mapazia aliketi. Alivua kidole chake cha chuma cha kushonea, ambacho mara nyingi alisahau kukivua, akakiweka mezani. Mumewe, fundi wa friji aliyestaafu lakini ambaye bado aliitwa kila friji ya jirani ilipoanza kuvuja, alisogeza kiti chake karibu.

"Tunaanza na ule wa polepole," mkwe alisema.

"Huanzii hapo. Anza mwanzo."

"Mama, chakula kitapoa."

"Basi kipoe."

Mkwe alicheka, akaanza na wimbo wa kwanza. Wajukuu wakapiga makofi. Spika ile ndogo ilikuwa na kelele kuliko umbo lake. Besi ilitikisa vijiko kabatini. Mwimbaji alikuwa mwanamume mwenye sauti nzito. Kila alipomaliza mstari, ngoma na besi ziliendelea peke yao kidogo, kisha akaingia tena.

"Hapo nyuma yake tunaitikia sisi," Mama Mapazia alisema. "Mimi na Mrefu, yule msichana mwenzangu."

Hakuna aliyesikia mtu akiitikia. Binti yake alisogea karibu na kabati. Mkwe akaongeza sauti. Mwimbaji akamaliza mstari mwingine, ngoma zikaendelea.

"Labda kwenye huu mlikuwa bado hamjaanza," mkwe alisema, na bila kuuliza akaruka hadi wimbo wa sita.

Gitaa lilianza taratibu. Mama Mapazia aliinua kidole. "Ngojeni. Bado. Bado kidogo. Hapa sasa."

Wanaume walinyamaza kama alivyosema siku zote. Gitaa moja likabaki likizunguka palepale, ngoma ikigongwa kwa mbali, na hakuna aliyeimba. Gitaa lilizunguka tena na tena, kama watu walioketi mezani wakimngoja aliyechelewa. Halafu wanaume wakarudi kwa pamoja, na wimbo ukaenda hadi mwisho wake.

Kidole cha Mama Mapazia kilikuwa bado hewani. Alikishusha.

"Siku hiyo kipaza sauti kiligoma, Mama," mkwe alisema, na wajukuu wakaangua kicheko. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa mtu asiyeweza kuvumilia kimya cha zaidi ya pumzi mbili.

Mama Mapazia alicheka pia. "Labda walinifuta," alisema, akaenda jikoni kuangalia chungu ambacho hakikuwa na shida yoyote.

Hakuna aliyelizungumzia tena siku hiyo, na hapo ndipo alipojua kwamba hawakumwamini. Kama wangemwamini wangeuliza. Badala yake waliusifu mchuzi. Binti yake alimkumbatia mlangoni kwa muda mrefu kuliko kawaida, kama watu wanavyomkumbatia mfiwa.

Kesho yake asubuhi, wakinywa chai, alimuuliza mumewe.

"Na wewe ulidhani nadanganya?"

Fundi wa friji alikoroga chai yake ingawa hakuwa ametia sukari. "Mimi nilikukuta unashona."

"Sijauliza ulinikuta nafanya nini."

"Sikudhani unadanganya. Nilidhani, labda, uliwahi kusimama na ile bendi siku moja mbili, halafu miaka ikaongezea yake." Alimtazama. "Ningekuwa nimeoa mwimbaji ningejua. Nimeoa mtu anayenitengenezea suruali. Nimeridhika."

Alikusudia kumfariji. Mama Mapazia aliondoa vikombe.

Katika majuma yaliyofuata aliacha kuimba akiwa cherehani. Haukuwa uamuzi, hakujiwekea nadhiri. Mashine ililia, mkasi ukalia, na yeye akanyamaza. Wateja hawakugundua. Mjukuu mdogo alipoomba wimbo wa kulalia, alisimuliwa hadithi ya sungura badala yake.

Aliyegundua ni binti. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja katika kampuni ya maji, na kutwa nzima alivaa hedifoni kubwa za ofisi, zile zinazofunika sikio lote, akisikiliza watu wakilalamika. Kwa miaka yote hiyo sikio lake lilikuwa limezoea kuchambua. Alijua mteja anayepiga akiwa bafuni na anayepiga akiwa sokoni. Alijua anayelia na anayejifanya kulia. Mama yake alipokuwa akisema "mimi sijambo," alijua pia.

Mchana mmoja, wenzake wakiwa wametoka kula, alichomeka hedifoni za ofisi kwenye simu yake na kufungua wimbo wa sita. Alisikia kilekile walichosikia Jumapili. Halafu akakumbuka kwamba simu yake, ili kubana data, ilikuwa imewekwa katika ubora wa chini kabisa wa sauti. Aliingia kwenye mipangilio, akaweka ubora wa juu, akarudia.

Alifumba macho ubeti wa katikati ulipofika. Gitaa lilikuwa na mwili sasa; aliusikia ukucha ukigusa uzi. Nyuma ya gitaa, mbali sana, kama mtu aliye chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa, mwanamke alikuwa anaimba.

Aliondoa hedifoni, akatazama ofisini. Hakukuwa na mtu. Akazivaa tena, akarudia mara nyingi hadi wenzake waliporudi na harufu ya chakula. Maneno hayakusikika, lakini mwanamke alikuwapo. Aliingia pale pale alipotakiwa kuingia na kutoka pale pale.

Hakumwambia mama yake. Alijua kumwambia mtu kwamba "unasikika kidogo" si habari ya kumfurahisha. Badala yake, chini ya ukurasa ule wa mtandaoni, aliandika swali: je, kuna mwenye santuri yenyewe? Sauti za wanawake zimekwenda wapi?

Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, limeandikwa kwa umakini wa mtu anayeweka nukta mahali pake.

"Hiyo nakala ni nusu. Mimi ninayo nzima. Karibuni Jumamosi mchana. Ila kwangu wimbo haurukwi."

Aliyeandika alikuwa daktari wa meno. Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya pili juu ya zahanati yake, na sebule yake haikuwa na televisheni. Kulikuwa na kochi moja refu lililoelekea ukutani, na ukutani spika mbili za mbao, kila moja imefika kiunoni mwa mtu, zimeachana kama mabeki. Santuri zilijaa rafu kutoka sakafuni hadi darini. Daktari mwenyewe alikuwa mwembamba, mpole, mwenye mikono safi kupita kiasi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nani kakushonea haya mapazia?"

Daktari aligeuka kuyatazama mapazia yake, mazito, ya rangi ya kahawia, yaliyofunika ukuta mzima hata pasipo na dirisha. "Niliyanunua dukani. Yananisaidia kumeza mwangwi."

"Yamekatwa upande," Mama Mapazia alisema, akaketi.

Alikuwa hajataka kuja. Binti alimwambia wanakwenda kwa daktari wa meno, jambo ambalo halikuwa uongo, na ukweli wote akausema wakiwa ngazini. Mama yake alisimama pale ngazini kwa muda, mkono kwenye nguzo, akapumua, akaendelea kupanda.

Daktari aliitoa santuri kwenye ganda lake kwa viganja viwili, bila kuigusa uso. Kwenye ganda kulikuwa na picha ya wanaume saba wamevaa suti za kufanana. Wasichana hawakuwamo. Nyuma, majina ya wanaume saba na vyombo vyao, kisha mstari mmoja: pamoja na waitikiaji.

"Waitikiaji," Mama Mapazia alisoma, akalirudisha ganda.

"Nieleze kilichotokea," binti alimwambia daktari. "Kwa nini mtandaoni hawasikiki?"

"Ni rahisi tu. Santuri hii ina pande mbili za sauti, mmoja kwa kila spika. Wakati ule mafundi walipenda kutenganisha: mwimbaji mkuu, gitaa, besi na ngoma huku kushoto, waitikiaji na tarumbeta huku kulia. Aliyeihamishia mtandaoni alikuwa na waya mmoja mbovu. Ikaingia kushoto tupu, naye hakugundua, akaijaza pande zote mbili." Alifikiri kidogo. "Ni kama kumtazama mtu mwenye meno ya upande mmoja ukadhani ndivyo alivyozaliwa."

"Na yule niliyemsikia kwa mbali?"

"Waliimba chumba kimoja. Sauti yake iliponyoka ikaingia kwenye kipaza sauti cha jirani. Hiyo haifutiki."

Aliteremsha sindano. Kulisikika mkwaruzo mdogo, kisha wimbo wa kwanza ukaingia sebuleni. Mwimbaji mwenye sauti nzito alisimama kushoto, karibu na mlango. Akamaliza mstari wake, na kutoka kulia, karibu na rafu, wasichana wawili wakamjibu.

Binti alimshika mama yake mkono. Mama Mapazia aliuondoa mkono wake taratibu, si kwa hasira, bali kwa sababu alitaka kuuweka kifuani.

Daktari aliketi kwenye kigoda pembeni, kichwa kainamisha. Wimbo wa pili ukaja, wa tatu, wa nne. Mama Mapazia alijitambua katika kila mmoja. Sauti ya chini ilikuwa yake. Alikuwa akiingia nusu pumzi kabla ya mwenzake, kosa ambalo kiongozi wa bendi alimgombeza nalo kila siku na ambalo sasa lilikuwa limehifadhiwa vizuri kabisa. Katika wimbo wa tatu alisikia tarumbeta ambayo alikuwa ameisahau kabisa, na akakumbuka mpiga tarumbeta alivyokuwa akitafuna tangawizi. Hakuna wimbo ulioachwa, na hakuna uliokatwa katikati. Kwa muda wa upande mzima wa santuri hakuna mtu aliyegusa simu, hata binti, ambaye yake ilinguruma mara mbili mkobani.

Daktari aligeuza santuri. Wimbo wa tano. Halafu gitaa la wimbo wa sita.

Ubeti wa katikati ulipofika, wanaume walinyamaza kushoto, na kulia sauti ya mwanamke mmoja ikapanda. Ilikuwa sauti changa, yenye nguvu, isiyo na woga, na kila neno lilimalizikia puani kidogo, kama mtu anayetabasamu huku akisema. Ilijaza nafasi yote ambayo Jumapili ile ilikuwa tupu. Binti alianza kulia. Alitoa simu ili arekodi apate kumtumia mumewe, akakumbuka kwamba humu hakuna aliyegusa simu, akairudisha.

"Mama," alinong'ona. "Mama, ni wewe."

Mama Mapazia alikuwa ametazama spika ya kulia kama mtu anayemtazama mgeni mlangoni akijaribu kumkumbuka. Alisubiri ubeti uishe.

"Huyo si mimi," alisema.

Daktari aliinua kichwa.

"Ni Mrefu. Mrefu alikuwa anamalizia maneno puani. Mimi siwezi hivyo. Sijawahi kuweza."

"Una hakika?" binti aliuliza. "Sauti za ujana hubadilika."

"Nyimbo nne nzima nimejisikia, nisijijue hapa? Mimi ni yule anayewahi. Huyu hawahi. Lakini nilikuwa naukumbuka. Nakumbuka hata mahali pa kuvuta pumzi."

Wimbo wa saba ulikuwa umekwishaanza, na wakasikiliza hadi mwisho wa upande kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwa daktari. Mwishoni alimpa binti nakala kwenye flashi, yenye pande zote mbili. Mama Mapazia alimshukuru na kumwambia alete yale mapazia, atamnyooshea.

Nyumbani habari ilipokelewa kama ushindi. Mkwe alisikiliza nakala mpya akiwa amesimama, na alipowasikia wasichana wawili wakiitikia alikuna kichwa.

"Mama, nisamehe. Nilikukejeli mbele ya watoto."

"Ulisikia ulichosikia," Mama Mapazia alisema. "Na ubeti wa wimbo wa sita si wangu. Waambie na hilo."

Mkwe alidhani ni unyenyekevu, na akawaambia watu nusu tu. Wajukuu walikata kipande kifupi cha bibi yao akiitikia wakakifanya mlio wa simu, hata kila walipopigiwa alitokea yeye, akiwahi nusu pumzi. Mumewe aliomba aisikilize nzima peke yake. Alijifungia chumbani, na alipotoka hakusema lolote zaidi ya, "Kumbe mlikuwa na tarumbeta pale," ila tangu siku hiyo alianza kumtaja mkewe kwa watu wa friji kama "mama mwimbaji."

Binti aliandika kwa kampuni yenye ule mtandao wa muziki, akaeleza kosa la waya, akaambatisha ushahidi. Alijibiwa mara moja: tunathamini maoni yako, ombi lako limepokelewa, mhudumu wetu atawasiliana nawe. Aliyasoma maneno hayo akiwa na hedifoni shingoni. Ndiyo yaleyale aliyowaambia wateja wake tangu asubuhi. Nakala mbovu ilibaki pale pale, na watu waliendelea kuisikiliza na kuisifu.

Mama Mapazia hakushughulika na hayo. Alitaka kumpata Mrefu. Namba aliipata kwa mtoto wa mpiga besi, baada ya kuuliza huku na huko. Mrefu aliishi mji mwingine na alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Alipopokea simu, nyuma yake kulikuwa na mtu anakata mabati.

"Nani? Sema kwa nguvu!"

"Mimi, shoga. Wa ile bendi. Tuliitikia pamoja."

Kelele za bati zilisita. "Mungu wangu. Bado unawahi?"

Walicheka hadi binti aliyekuwa chumba cha pili akaja kutazama. Waliulizana habari za watoto, za magoti, za waume. Wa Mrefu alikuwa ameshafariki. Kisha Mama Mapazia akamweleza kuhusu ubeti.

"Mimi?" Mrefu alisema. "Si mimi. Uliimba wewe ule."

"Nimesikia kwa masikio yangu. Ni wewe."

"Shoga, mimi nilikuwa mwitikiaji tu. Wewe ndiye uliyefundishwa ubeti ule. Nakumbuka ulivyokuwa ukiufanyia mazoezi hata ukinawa."

"Nitakuwekea usikie."

Alimwekea kwenye simu. Mrefu alisikiliza kati ya mabati na wateja. "Hapa hata mume wangu marehemu ningesema ndiye anaimba," alisema. "Kwa simu nitajuaje? Nakuja."

Alikuja miezi miwili baadaye, alipompata mtu wa kumwachia duka. Hakuwa mrefu tena sana. Mgongo ulikuwa umepinda na alitembelea fimbo. Alipanda ngazi za daktari wa meno akilaumu kila kidato. Mapazia ya sebuleni yalikuwa yamenyooka. Binti aliketi nyuma kabisa, kwenye kiti cha kulia chakula, ili wale wawili wapate kochi.

Upande wa kwanza Mrefu hakutulia. Kila wimbo ulimkumbusha jambo, na kila alipofungua kinywa daktari aliinua kidole chake kisafi, naye akafunga. Wimbo wa sita ulipoanza alitulia mwenyewe. Ubeti ukaja, ukapita. Mikono yake ilikuwa juu ya fimbo, mmoja juu ya mwingine.

"Rudisha," alisema.

Daktari alisita. Kwake wimbo haukurukwa, lakini kurudi nyuma hakukuwa kumewahi kuzungumzwa. Aliinua sindano, akairudisha.

Mara ya pili ilipokwisha, Mrefu alimgeukia mwenzake. "Ni mimi," alisema. "Na sasa nimekumbuka. Uzi wa gitaa ulikatika. Wakakutuma wewe dukani kwa sababu ulikuwa na miguu myepesi. Duka la karibu likawa limefungwa, ukaenda la mbali. Fundi mitambo akasema muda wake unaisha, wakafunga kwa kuungaunga ule uzi wa zamani. Kiongozi akaniangalia, akasema, haya, imba wewe. Niliujua kwa sababu ulikuwa umenichosha nao."

"Nilitumwa?"

"Ulirudi na nyuzi mkononi tumeshamaliza. Ukasema sawa, hamna neno. Halafu ukaenda chooni ukalia. Mimi nilisimama mlangoni nimekushikia mkoba."

Mama Mapazia alifikiri. Wimbo wa saba ulikuwa unakwenda, na hakuna aliyeinuliwa kidole.

"Sikumbuki kulia," alisema.

"Mimi nakumbuka. Ulikuwa na kitambaa cha kijani kichwani. Uliponawa uso ulitoka ukaimba huu wimbo unaosikia sasa, na wa nane, bila kukosea hata mara moja. Hukuwahi hata kidogo. Sikiliza."

Wakasikiliza. Kulia, wasichana wawili waliimba, ya juu na ya chini, na kwa mara ya kwanza katika albamu nzima waliingia pamoja. Mama Mapazia alisogea mbele ya kochi. Alikuwa ameusikia wimbo huo wiki nyingi zilizopita, kwenye kochi hilohilo, na hakuligundua hilo kwa sababu alikuwa bado anaufikiria wa sita.

"Nilikuwa na hasira hapo," alisema.

"Mno," Mrefu alisema. "Ilikufaa."

Santuri ilipofika mwisho daktari aliiacha izunguke kidogo kabla ya kuinua sindano. Mrefu aliuliza kama katika nyumba hii, pamoja na muziki wote huu, kuna maji ya kunywa. Binti akainuka kwenda kuyatafuta. Alipopita nyuma ya kochi aliwasikia wanabishana kuhusu jina la mpiga tarumbeta.

Jioni walimsindikiza Mrefu kituoni. Aliomba awekewe albamu kwenye simu yake, ile nzima, si ile nusu, na binti akamwekea wakiwa wamesimama kwenye foleni ya tiketi. Alimwonyesha mahali pa kubonyeza na akampa vidude vya masikioni. Mrefu alivikataa. Basi lilipoanza kuondoka walimwona dirishani, simu kaiweka kwenye sikio la kulia kama anayeongea na mtu, akiitikia kwa kichwa.

Mama Mapazia alipunga mkono hadi basi likakata kona.

"Atamaliza chaji kabla hajafika," binti alisema.

"Anaanza mwanzo?" mama yake aliuliza.

"Nimemwekea mwanzo."

"Basi sawa," alisema, na wakaanza kutembea kurudi.